Amplifaya ya Chumbani

Nakumbuka harusi moja kule Mtinko, mwanangu, ambako nilichekwa na watu wote mpaka bibi harusi, na bibi harusi siku yake hatakiwi hata kuonyesha meno. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa na gitaa la umeme na amplifaya mpya, kisanduku cheusi kisichozidi debe la mafuta ya kula, na kichwa changu kilikuwa kikubwa kuliko vyote viwili.

Kisanduku kile nilikinunua Singida mjini, kwa Mzee Ramji, aliyekuwa akiuza redio na vipuri vya baiskeli. Mzee yule alizaliwa pale pale mjini nyuma ya duka la baba yake, na Kinyaturu chake kiliwashinda vijana wengi wa mjini. Aliniambia kwa Kiswahili kisicho na kona: "Kijana, hii ya chumbani. Ya kujifunzia. Usiipeleke uwanjani." Nikamcheka moyoni. Nilidhani mwenye duka anayekuonya juu ya bidhaa yake mwenyewe hajui biashara. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu langu likavunjikia Mtinko, mbele ya turubai la harusi, upepo wa kiangazi ukivuma kama unavyojua kuvuma huku kwetu.

Niliunganisha waya kwenye jenereta la mwenye harusi, nikapiga. Hakuna aliyesikia. Nikaongeza sauti, upepo ukaichukua. Nikazungusha kitufe mpaka mwisho, na amplifaya ndogo ikizungushwa mpaka mwisho haiimbi tena, inakoroma. Mshereheshaji akashika kipaza sauti chake akasema, "Jamani, kuna mtu amemfungia chura kwenye sanduku. Amfungulie, ni siku ya furaha." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nikafungasha vitu vyangu kabla ya chakula, njaa ikiniuma, nikarudi mjini kwa lori la vitunguu.

Njiani niliapa kwamba sitapiga tena mbele ya mtu yeyote mpaka niive. Wiki iliyofuata nikarudi kwa Mzee Ramji kununua hedifoni.

Kosa langu linaanzia hapa, mwanangu. Kuchekwa si kosa. Kila fundi unayemwona leo kuna mahali alichekwa, wengine mbele ya wakwe zao. Kosa ni nilichofanya baada ya kuchekwa.

Amplifaya za namna ile zina tundu dogo kwa mbele. Ukichomeka hedifoni, spika inanyamaza na sauti yote inaingia masikioni mwako peke yako. Ni kitu kizuri kwa mtu anayeishi na majirani. Kwangu mimi kilikuwa maficho. Nilichomeka hedifoni ile, na nikasema sitaichomoa mpaka siku nitakayokuwa mpigaji wa kweli.

Sasa nikwambie habari za mke wangu. Aliitwa Sabina, mtu wa Ihanja, mrefu, mwenye maneno machache yaliyochaguliwa. Tulipanga vyumba viwili Singida mjini, katika nyumba yenye wapangaji wengine. Mimi nilikuwa mtunza ghala kwenye mashine ya kukamulia alizeti, na kila jioni nilirudi na vumbi la mashudu mpaka kwenye nyusi. Yeye alinunua vitunguu kwa wakulima, akavichambua nyumbani, vikubwa huku, vidogo kule, vilivyoanza kuoza pembeni, kisha akavipeleka sokoni. Maganda yake mekundu yalitembea sakafuni kwetu kila mlango ulipofunguliwa.

Sabina alinipenda kwa sababu ya gitaa. Nasema wazi, maana sura hii haikuwa na la kumvutia mtu. Nilipokuwa nikimchumbia nilikuwa na gitaa kuukuu la kawaida, lisilo la umeme, nikawa naenda Ihanja Jumapili kumpigia nyimbo ninazozikosea. Alikuwa akijua nilipozikosea. Aliniambia, "Pale katikati umeruka." Na mimi nilifurahi, kwa kuwa mtu anayejua uliporuka ni mtu aliyekuwa anakusikiliza.

Baada ya Mtinko nikamnyima hata hilo. Kila jioni nilinawa, nikala, nikavaa hedifoni. Yeye akakaa upande wa pili wa chumba na kikapu chake. Alichokisikia ni nyuzi zenyewe tu zikikwaruzwa, kama kuku anayeparura nje ya mlango. Mwanzoni aliomba. "Yona, na mimi nisikie."

"Bado. Nikiiva utasikia."

"Hata tango huliwa bichi," akasema.

Nikatabasamu, nikarudisha hedifoni. Ngoja ngoja huumiza matumbo, ndivyo walivyosema wahenga, lakini hawakusema tumbo la nani. Mimi nilimngojesha, na tumbo lililouma lilikuwa la mwenzangu.

Ikapita miaka minne. Usiniulize ilipitaje. Miaka inayopita mtu akiwa ameziba masikio haina kishindo.

Katika mwaka wa nne yalitokea mambo ambayo mtoto mdogo angeyaunganisha, ila mimi, mwanamume mzima mwenye funguo za ghala, sikuyaunganisha. Sabina alianza kuongea kwa sauti ya juu. Jirani mmoja akaniuliza kama siku hizi tunagombana, maana anamsikia mke wangu akifoka. Nikadhani ana hasira zake. Uji ulifurika jikoni yeye akiwa amekaa hatua tatu tu, ameupa mgongo. Nikadhani ni mawazo. Halafu wanawake wa nyumba ile wakaanza kusema kwamba mke wa Yona anaringa, unamsalimia hageuki. Hilo liliniudhi. Kwetu mtu asiyeitikia salamu ana kasoro kubwa kuliko mwizi. Nikamwita, nikamkemea: "Kwa nini huitikii watu?" Akanitazama mdomoni, akasema, "Nitaitikia."

Na jioni moja ya mvua alikuja akakaa mbele yangu, karibu, magoti yake yakigusa yangu. Akasema maneno mengi. Niliona midomo ikienda. Nilikuwa katikati ya kipande kigumu ambacho vidole vyangu vilikuwa vimekikataa mwezi mzima, na siku hiyo vilikuwa vimekubali. Nikainua kidole kimoja, kumwambia angoje. Nilipomaliza alikuwa amesharudi kwenye vitunguu vyake. Nami sikumfuata kumwuliza alikuwa anasema nini.

Ikaja Jumapili moja, baada ya ibada. Nilikuwa nimemaliza kuutengeneza wimbo niliomtungia yeye, wa kwanza na wa mwisho kuutunga maishani mwangu, na nilijiona nimeiva. Nikamkalisha kwenye kigoda. Nikaishika plagi ya hedifoni, nikaichomoa mbele ya macho yake ili aone. Alielewa. Akafuta mikono kwenye kitenge, akakaa vizuri kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Sijamwona mtu akiwa na uso ule tena.

Nikapiga. Spika haikutoa sauti.

Taa ndogo nyekundu ilikuwa inawaka, waya ulikuwa mahali pake, lakini kisanduku kilikuwa kimya. Niliinua macho nimwambie asubiri kidogo. Nikamkuta anatikisa kichwa taratibu, mguu wake ukipiga sakafu, na machozi yanamtoka huku anatabasamu. Kwa mshangao mikono yangu ikaendelea yenyewe. Nilipoacha, akasema kwa ile sauti yake kubwa, "Nzuri, Yona. Nzuri sana. Kumbe umefika huko."

Mwanangu, unajua nilifikiri nini? Nilifikiri ananicheka. Harusi ya Mtinko yote ilinirudia, na chura wao. Nikasimama, nikamwambia, "Hata wewe? Hata wewe unanifanyia mzaha?"

Tabasamu likamganda. Akanitazama mdomoni, akakitazama kisanduku, akakitazama tena. Kisha akauliza polepole, "Haikulia?"

Nikatikisa kichwa.

Akajifunika uso kwa kitenge. Alipokifunua alisema, "Sisikii, Yona. Mwaka sasa na zaidi. Lilianza sikio hili, likafuata hili. Naona midomo tu."

"Kwa nini hukuniambia?" Nilipiga kelele, kana kwamba kelele ingesaidia.

Aliyasoma maneno yale kinywani mwangu. Hakunijibu kwa hasira. Hasira ningeiweza. "Nilikuambia," akasema. "Siku ile ya mvua. Ukainua kidole."

Nimeishi miaka mingi, nimezika wazazi na ndugu, lakini sijawahi kuwa peke yangu kama dakika ile, na mke wangu ameketi mbele yangu, nikinyoosha mkono namgusa. Ndipo nilipoelewa kwamba yeye alikuwa ameishi katika upweke ule muda wote, mimi nikiwa ndani ya chumba kimoja naye najiburudisha.

Tulikwenda hospitali. Walimwangalia, wakatutuma kwa madaktari wakubwa zaidi, nao wakasema mshipa wa kusikia umechoka na hautarudi. Nilimwuliza daktari, je, kama tungewahi kuja? Akasema huenda ingesaidia, na huenda isingesaidia. Hiyo "huenda" ndiyo ninayolala nayo mpaka leo.

Amplifaya nikaisukuma chini ya kitanda. Sikutaka kuiona. Lakini Sabina, akifagia, akaivuta nje na kuiweka mlangoni. "Ipeleke ikatengenezwe," akasema. Nikamwashiria kwamba sina haja nayo. Akasema, "Wewe bado unasikia. Ipeleke."

Nikaipeleka kwa Mzee Ntandu, fundi redio aliyekaa kwenye kibanda cha mabati karibu na soko. Alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na mkono wake mmoja ulikuwa na alama za kuungua kwa risasi ya kuchomelea. Nikamsalimu shikamoo, akaniitikia bila kuinua kichwa. Akafungua parafujo, akapuliza vumbi la mashudu likamrudia usoni, akapima hapa na pale kwa nyaya za kipimo chake. Mimi nilisubiri anitajie transista iliyoungua au spika iliyokatika. Watu wote tunapenda tatizo letu liwe kubwa.

"Haijaungua kitu," akasema mwishowe. "Hii ni nzima."

Akanielekeza kwa ncha ya bisibisi. Ndani ya lile tundu la hedifoni mna vipande viwili vyembamba vya chuma vinavyogusana. Ukichomeka plagi, inakiinua kimoja, na sauti inahama kutoka kwenye spika. Ukichomoa, kinashuka chenyewe, kinamgusa mwenzake, spika inaamka. Changu kilikuwa kimeinuliwa miaka minne. Kilikuwa kimepinda na kuota kutu, hakishuki tena.

"Ulichomeka lini?" akaniuliza.

"Miaka minne, mzee."

"Hujawahi kuchomoa?"

"Mara chache. Kufuta vumbi tu."

"Muda wote huo nani alikuwa anakusikia?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

Nikakitazama kisanduku. Mzee Ntandu akavua miwani yake, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Basi hukuwa unapiga gitaa, kijana," akasema. "Ulikuwa unajikuna."

Nilitaka kukasirika, lakini machozi yaliwahi. Nikamweleza yote, pale pale, watu wakipita na vikapu vyao. Hakunibembeleza. Alisema wazee wamesema mficha uchi hazai, na mimi nilificha changu mpaka ndani ya nyumba yangu. Kisha akaniuliza swali la ufundi: "Nikisafishe kijichuma hiki, au niunganishe waya moja kwa moja? Nikisafisha, hedifoni itafanya kazi kama zamani. Nikiunganisha, spika italia siku zote, utake usitake."

"Unganisha," nikasema.

Akakata kipande cha waya mfupi kama kiungo cha kidole, akakichomelea nyuma ya tundu, moshi mdogo ukapanda, kazi ikaisha. Nilimwuliza kama angenifundisha kufanya vile. Akasema niende Jumamosi, na nisiende na mdomo mtupu wa maswali, niende na redio mbovu. Hivyo ndivyo nilivyoanza kujua ufundi ambao baadaye ulinilisha nilipoacha kazi ya ghala.

Nikairudisha nyumbani. Nikapiga kidogo, chini chini, nikijisikia mjinga. Sabina alikuwa anapanga vitunguu. Akapita nyuma yangu kuchukua ungo, mkono wake ukaegemea juu ya kisanduku, akasimama. Akaweka kiganja chote. Akafumba macho.

"Kuna kitu humu," akasema.

Nikapiga uzi mzito. "Huo nimeupata," akasema. Nikapiga uzi mwembamba. Akatikisa kichwa. "Huo haufiki."

Basi, mwanangu, kuanzia siku ile nilijifunza upya kupiga. Nyimbo zote nikazishusha kwenye nyuzi nene. Nilikuwa nikiandika jina la wimbo kwa chaki mgongoni mwa mlango, naye akiweka kiganja juu ya kisanduku akiufuata. Baada ya mwaka mmoja hakuhitaji chaki. Angeweka mkono, angesubiri kidogo, kisha angeutaja. Na nikwambie jambo litakalokufurahisha: alianza tena kuniambia nilipoukosea. "Pale katikati umeruka." Kwa kiganja! Nilicheka siku hiyo, nikalia, nikacheka tena.

Sitakudanganya kwamba tulipona. Kiganja si sikio. Kuna siku alikaa akitazama watu wanaocheka barabarani, akanigeukia na kuniuliza wanacheka nini, nami sikuweza kumweleza kwa haraka, wakawa wamepita. Ule wimbo niliomtungia ulikuwa na nyuzi nyembamba tupu. Nilijaribu kuushusha, ukafa. Hakuusikia kamwe jinsi ulivyokuwa. Nimewahi kupigia watu wengi baadaye, wengine wakanipigia makofi, lakini msikilizaji mmoja niliyemtaka nilimpoteza kwa kumwambia bado.

Amplifaya ile ninayo hata sasa, hapa Kinyangiri nilipohamia uzeeni. Imekufa mara nyingi nikaifufua. Umeme ulipopanda kwa kishindo uliunguza transista mbili, nikabadilisha. Panya walitafuna karatasi ya spika, nikaiziba kwa gundi na karatasi ya daftari, sauti ikawa na kikohozi kidogo nikakizoea. Kitufe kikianza kukwaruza nakisafisha kwa spiriti. Fyuzi sihesabu. Watu wananiuliza kwa nini sinunui mpya, siku hizi zipo nyepesi zenye midundo ya ngoma ndani yake. Nawaambia hii naijua inapougua.

Sabina alifariki miaka mitatu iliyopita, kwa maradhi mengine, mikononi mwangu. Hatukubahatika kupata mtoto, ndiyo maana kila kijana namwita mwanangu, nivumilie. Jioni napiga. Kisanduku kinalia chumba kizima, hakuna wa kukigusa. Wakati mwingine naruka mahali kwa makusudi, nasimama, nasubiri. Ni ujinga wa mzee, naujua.

Nimekueleza haya kwa sababu nawaona nyinyi vijana wa leo. Mnajifunza kila kitu mmeziba masikio, gitaa, kuimba, kusoma, hata kupenda. Mnasema mtajitokeza mkiwa tayari. Sikulaumu, mimi ndiye niliyeanza. Lakini nisikilize. Umahiri haukui gizani peke yake. Kazi yako ikiwa mbichi, mpe anayekupenda aionje ikiwa mbichi, maana masikio ya mtu hayakai yakikungojea, wala macho yake, wala pumzi yake. Wageni wa harusini watakucheka na kesho watasahau, walikuja kula pilau. Aliye nyumbani mwako hatasahau kwamba ulimwambia bado.

Tena mtu akija kukaa mbele yako, magoti yakagusana, weka chini ulichoshika. Wimbo utaukuta ulipouacha. Usiinue kidole. Na kama siku nyingi zimepita hujamsikia mwenzako akisema neno, usidhani ametosheka, inuka ukamwulize. Majuto ni mjukuu, huja baadaye, na mimi ambaye sikupata wajukuu, huyo mmoja ninaye, analala kwangu kila siku.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akupe mikono inayotengeneza zaidi ya inavyovunja. Akupe nyumba yenye mtu wa kukuambia kwamba uzi wa tatu umelegea, akupe na uungwana wa kumshukuru, na amwache akuambie hivyo mpaka mzeeke wote wawili. Amina.